Usiweke pile karibu na mbabula

Mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba: umeme ukikatika Kamalondo, toshi ndiyo taa. Pile zikichoka, wengine huzipasha moto kwenye mbabula ili zipate nguvu. Jihadharini!

Ganda la pile ya kawaida ni zinki, madini yale yale ya Kipushi, mgodi uliofunguliwa upya mwaka 2024. Ndani mna unga mweusi wa manganeze uliolowa maji ya chumvi. Toshi ikiwaka, zinki inaliwa polepole, na kuliwa huko ndiko kunakoleta umeme. Moto haurudishi zinki iliyokwisha kuliwa. Joto huharakisha kazi kwa muda mfupi tu. Kisha maji hugeuka mvuke, na zinki ikigusana nayo hutoa gazi ya hidrojeni. Gazi ikikosa njia, pile hupasuka.

Kwa hiyo:
1. Usitupe pile motoni.
2. Pile zilizokwisha, zitoe ndani ya toshi. Ganda likitoboka, maji yake huila toshi.
3. Maji hayo yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 15, kisha nenda dispanseri.

Pile iliyokufa haifufuki. Jicho la mtoto halinunuliwi sokoni.