Mlima Kenya unavyochangia takwimu za hewa duniani

WAKAZI wa Kiriaini, mji wa wakulima wa majanichai na kahawa karibu na mpaka wa kaunti za Murang'a na Nyeri, huuona Mlima Kenya asubuhi mawingu yanapopisha. Ni wachache wanaofahamu kwamba mlimani humo, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kuna kituo kinachopima hewa kwa manufaa ya ulimwengu mzima.

Kituo hicho kilifunguliwa mwaka wa 1999, na husimamiwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Wataalamu wa Uswisi wamekisaidia kwa vifaa na mafunzo. Kimo katika mpango wa kuchunguza angahewa ulioanzishwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) mwaka wa 1989. Kule juu, hewa haijachafuliwa na moshi wa magari na viwanda, na vituo vya aina hiyo barani Afrika ni haba mno.

Hata hivyo, kupima ni nusu tu ya kazi. Mkulima wa majanichai anajua kwamba mizani ya kituo cha kununulia majani isipowiana na ile ya kiwandani, hasara ni yake. Kwa wanasayansi, "mawe" ya mizani ni mitungi ya gesi ambayo kiwango chake kimethibitishwa katika maabara moja kuu huko Boulder, Marekani. Wakaguzi wa maabara ya Empa ya Uswisi nao huzuru vituo kuhakikisha vyombo havidanganyi. Bila hivyo, vipimo vya hapa havingeweza kulinganishwa na vya Mauna Loa, Hawaii, ambako gesi ya kaboni ilianza kupimwa mwaka wa 1958.

Takwimu za gesi zinazoongeza joto duniani huhifadhiwa Tokyo, Japani, katika hazina iliyofunguliwa mwaka wa 1990. Mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuzichukua humo.

Pingamizi kubwa ni pesa. Idara nyingi za hali ya hewa huuza takwimu ili kujazia bajeti finyu. Oktoba 2021, wanachama wa WMO walikubaliana kwamba takwimu za msingi zibadilishwe bure, ingawa nyingine zaweza kuwekewa masharti. Miradi iliyogharamiwa na Umoja wa Ulaya, SEACRIFOG (2017 hadi 2020) na KADI iliyoanza 2022, imechora ramani ya mtandao wa vipimo unaoifaa Afrika. Lakini ramani haimlipi fundi anayepanda mlima kurekebisha chombo. Umeme ukikatika huko, pengo linalobaki kwenye rekodi halizibiki tena.

Pengo kama hilo humgusa mkulima pia. Kituo cha ICPAC, kilicho karibu na Nairobi, hutabiri mvua za misimu katika nchi 11, kuanzia Sudan hadi Tanzania. Nchi jirani ikizuia vipimo vyake, utabiri wa masika unaomfikia mkulima wa Kiriaini hupungukiwa.