Mpini na Mkono (3): Bastola Fupi na Kidole Kisicho na Mahali

Nilipomaliza kueleza mpini wa tezo na wa panga, niliahidi kuingia kwenye bastola. Najua kwamba hapa kwetu Timbwani, na Likoni nzima, neno hilo halitamkwi kwa wepesi. Watu wazima wangali wanaukumbuka usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa, askari wakauawa, bunduki zaidi ya 40 zikachukuliwa, na siku zilizofuata zikawa za kuhama na kuzika. Siandiki ili kuipamba silaha. Naandika kwa kuwa silaha ipo. Ipo kiunoni mwa askari anayesimama kivukoni alfajiri, watu wakimiminika kutoka feri wamebanana bega kwa bega, na ikiwa mpini wake haumkai mkononi, siku atakayolazimika kuitumia risasi haitakwenda anakotazama.

Babu yangu alikuwa mchonga mitumbwi, na alikuwa shoto. Tezo yake, yenye mpini wa mkwaju, hakuna mwingine nyumbani aliyeiweza. Ukiishika kwa mkono wa kulia bapa lilijigeuza kidogo, ukapiga kando ya alama. Mjomba alidhani ni jicho lake. Babu akamwambia aondoe macho kwenye mti ayaweke kwenye kiganja: mpini ulikuwa umelika upande mmoja kwa miaka, ukawa na umbo la mkono wa mtu mmoja tu. Kosa lilianzia pale, hatua mbili kabla ya mti. Bastola ni hivyo hivyo, tofauti yake ni kwamba kosa la tezo huishia shubiri moja mbele yako.

Tuhesabu kidogo. Bastola fupi, ile ya kufichwa chini ya shati, ina kama sentimita 14 kati ya alama ya kulengea ya nyuma na ya mbele. Alama ya mbele ikihama milimita 1 tu wakati kidole kinavuta, risasi itakuwa imehama sentimita 14 hivi ikifika mita 20. Mita 20 ni umbali wa kutoka baraza moja hadi kibanda cha viazi karai ng'ambo ya njia. Milimita 1 huletwa na nini? Si woga pekee. Mara nyingi ni mpini mnene mno au mwembamba mno kwa mkono ulioushika.

Ukiwa mnene, kidole cha shahada hakifiki vizuri kwenye kifyatulio. Kinakigusa kwa ncha tu, na ncha haivuti moja kwa moja kurudi nyuma, inasukuma pembeni. Kwa anayetumia mkono wa kulia, risasi huangukia kushoto. Ukiwa mwembamba kinyume chake hutokea: kidole kinapita na kukunjika kwa ndani, risasi inavutwa kulia. Mtu anaweza kufundishwa mwaka mzima kutuliza pumzi na asipone ugonjwa huu, kwa kuwa hauko kifuani.

Kisha kuna teke. Risasi ya milimita 9 ina gramu 8 hivi, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Msukumo inaoondoka nao mbele ndio unaorudi nyuma mkononi, haupungui kwa sababu bastola ni ndogo. Bastola kubwa ya chuma yenye kilo moja na ushei huupokea msukumo huo kwa mwili wake mzito. Glock 26, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1990 na ambayo bila kasha la risasi ina gramu 560 hivi, huupokea msukumo ule ule kwa karibu nusu ya mwili. Kwa hiyo huruka karibu mara mbili ya kasi, na huruka kutoka kwenye mpini mfupi ambao vidole vitatu vya kushika havienei. Cha kati kimekaa, cha pete kimekaa, cha mwisho kinaning'inia hewani.

Hicho kidole cha mwisho nakihurumia. Watu hukidharau, lakini mwulize mkwezi, au mvuvi anayevuta kamba ya nanga: nguvu ya kubana iko upande wa chini wa kiganja. Kidole cha mwisho kikikosa mahali pa kukaa, ngumi nzima inalegea, bastola inazunguka ndani ya kiganja kila inapolia, na mpigaji anapaswa kuishika upya kabla ya risasi ya pili. Baada ya risasi 50 za mazoezi, ile panda ya katikati ya gumba na shahada inachubuka. Mtu aliyechubuka huanza kufumba macho kabla ya mlio, na hapo hata kilicho sawa huharibika.

Wakenya wanaosoma habari za polisi wamelizoea jina Ceska. Neno lenyewe ni la Kicheki, lina maana ya kitu cha Kicheki, na ni mwanzo wa jina la kiwanda, Česká zbrojovka. Mashuhuri zaidi kati ya bastola zake ni CZ 75, iliyobuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, ikatokea mwaka 1975. Jericho ya Israeli, jina jingine lisilo geni magazetini, imejengwa juu ya umbo hilo hilo. CZ 75 imesifiwa kote duniani, na sifa yake ya kwanza kwa walio wengi ni mpini: umeingia ndani pale panda ya mkono inapokaa, kisha ukajaa kidogo kiganjani. Hata hivyo ndani yake kuna kasha lenye risasi zilizopangwa safu mbili, na upana huo hauepukiki. Mwenye vidole vifupi, mwanamke au mwanamume, atauona umbali wa kifyatulio katika mvuto wa kwanza, ulio mrefu na mzito. Kiatu cha askari kina namba. Bastola, kwa miaka mingi, haikuwa nayo. Walther P99 ya Ujerumani, ya miaka ya 1990, ndiyo iliyofungua njia ya migongo ya mpini inayobadilishwa, mwembamba, wa kati na mnene. Glock ikafuata mwaka 2010 kwa kizazi chake cha nne.

Basi mwenye bastola fupi afanye nini? Aanze na kinachoweza kurudishwa. Kabla ya hilo, kasha litoke, chemba ifunguliwe, itazamwe kwa jicho na kuguswa kwa kidole, na risasi zibaki chumba kingine. Kwa kidole cha mwisho, dawa iliyo nyepesi ni kitako kirefu zaidi cha kasha, kinachoongeza sentimita moja au mbili chini ya mpini. Bastola yenye vibao vya pembeni, kama CZ 75 inayovishikilia kwa skrubu moja kila upande, huvalishwa vibao vyembamba au vinene, na vile vya asili vikawekwa sandukuni. Kwa mpini unaoteleza kwa jasho la Kaskazi, kuna utepe wenye chenga kama msasa, na kuna kipande cha tyubu ya baiskeli kilichovutwa juu ya mpini, jambo ambalo wavuvi wetu hulifanya kwenye panga bila kufundishwa na mtu. Tyubu huongeza unene wa milimita chache, hivyo inamfaa mwenye mkono mkubwa na inamdhuru mwenye mdogo. Isifunike kitufe cha kuachia kasha wala usalama wa mpini, kwa bastola zilizo nao.

Kukata plastiki kwa tupa au kuichoma kwa chuma cha moto ili ishike ni jambo jingine. Plastiki iliyoondoka hairudi. Nimeona mpini uliopigwa msasa mpaka ukuta ukawa mwembamba, ukaanza kunesa ukibanwa, na kasha likawa haliteremki. Kazi hiyo ipelekwe kwa fundi, na hapa Kenya fundi huyo si yeyote: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka anayetengeneza silaha kwa biashara awe amesajiliwa. Askari naye hana ruhusa ya kuichonga mali ya serikali. Anachoweza ni kusema wazi kwa mtunza ghala kwamba hii haimkai, apewe nyingine, na kusema hivyo si udhaifu.

Nirudi kwenye tyubu, maana watu wa pwani tuna adui ambaye vitabu vya Ulaya humtaja kwa mbali. Upepo wa Shelly Beach una chumvi. Jasho lina chumvi. Zote mbili huingia chini ya mpira na hazitoki, na chuma cha mpini huota kutu mahali ambapo jicho halifiki. Mwenye kuivisha bastola yake tyubu aivue kila juma, apanguse kwa kitambaa kikavu, apake mafuta kidogo, aiache wazi usiku mmoja ndani ya sanduku lililofungwa kwa ufunguo, kisha aivishe asubuhi.