Mashine imeupumzisha mgongo, lakini ngozi na mapafu je?

IKIWA unajenga nyumba, au unaishi karibu na ploti inayojengwa, bila shaka umezoea ngurumo ya mashine ya kukorogea saruji. Katika ploti ndogo beleshi na karai vingali vinatumika, lakini kwenye majengo marefu kazi hiyo huachiwa mashine. Tena kuna pampu ya plasta, ambayo hukoroga saruji, mchanga na maji, kisha ikausukuma mchanganyiko huo kupitia bomba la mpira hadi orofa za juu. Huko fundi huunyunyiza ukutani kama mtu anayemwagilia bustani.

Wengi huzisifu mashine hizi kwa sababu ya kuharakisha kazi. Katika ukurasa huu wa afya, msomaji, swali letu ni jingine: je, zimemwacha mfanyakazi akiwa salama zaidi? Jibu ni kwamba zimemwondolea madhara fulani, zimemwachia mengine na zimemwongezea moja jipya. Ukiyajua, huenda ukaokoa jicho au mkono wa mtu, pengine wako mwenyewe.

Nafuu ya mgongo

Mfuko wa kawaida wa saruji nchini Kenya una uzito wa kilo 50. Kibarua anayebeba mifuko 40 kwa siku ameinua kilo 2,000, yaani tani mbili, kabla hajahesabu mchanga na ndoo za maji. Nchini Uingereza saruji inayobebwa kwa mkono huuzwa katika mifuko ya kilo 25, kwa sababu mizigo mizito iliwaumiza wafanyakazi migongo.

Ukiongeza kuinama na kugeuzageuza mchanganyiko kwa beleshi kutwa nzima, utaelewa kwa nini watu wengi wa mjengo hulalamikia kiuno na magoti wangali vijana. Hapo mashine ina faida ya kweli. Pampu humwondolea kibarua safari za kupanda ngazi na karai kichwani, na hivyo hupunguza pia hatari ya kuanguka.

Hata hivyo mfuko bado ni lazima uinuliwe hadi kwenye mdomo wa mashine. Ni vyema mifuko ipangwe juu ya jukwaa linalolingana na mdomo huo, na kila mfuko ubebwe na watu wawili.

Inachoma bila kuuma

Saruji kavu inapokutana na maji hugeuka kuwa kitu kikali. Wanasayansi hupima ukali wa aina hiyo kwa kipimo cha pH. Maji safi huwa na pH ya 7, nayo saruji iliyokorogwa hufikia 12 hadi 13. Kila hatua moja katika kipimo hicho ni ongezeko la mara kumi. Magadi tunayotumia kulainisha mboga za kienyeji ni ya jamii hiyo hiyo, lakini saruji mbichi ni kali kuliko magadi mara nyingi sana.

Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haiumi mara moja. Ukiunguzwa na maji moto, utaruka papo hapo. Saruji hula mafuta ya ngozi na kuingia ndani polepole huku wewe ukiendelea na kazi. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, pengine jioni unapovua viatu. Kufikia wakati huo ngozi imeshakuwa nyekundu, imetoa malengelenge au hata imekuwa nyeusi. Kidonda kikiwa kirefu, huenda mgonjwa akahitaji kupandikizwa ngozi hospitalini.

Pampu haiondoi hatari hii. Kwa kuwa inaleta mchanganyiko mwingi kwa muda mfupi, mfanyakazi hujikuta ameloa zaidi. Anayesawazisha sakafu akiwa amepiga magoti huungua magotini. Anayesimama ndani ya mchanganyiko huungua vifundoni pale ulipoingia ndani ya buti. Naye anayeshika mdomo wa bomba hurukiwa na matone usoni na shingoni.

Jicho ndilo la kuhofiwa zaidi. Tone moja la saruji au chokaa likiachwa humo huweza kuharibu kioo cha jicho kiasi cha kumpofusha mtu. Mtu huyo asikimbizwe hospitalini jicho likiwa bado lina saruji. Kwanza lioshwe pale pale kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunuliwa, kwa muda wa dakika 20 hivi. Baada ya hapo apelekwe kwa daktari hata kama anasema amepata nafuu.

Mwasho unaodumu

Mbali na kuunguza, saruji huleta ugonjwa mwingine wa ngozi. Ndani yake mna chembechembe za madini ya kromiamu, ambayo hutokana na malighafi na matofali ya tanuri ya kiwandani. Aina moja ya kromiamu huyeyuka majini, ikapenya ngozini na kuufundisha mwili kuichukia. Huo ndio mzio. Ukishampata mtu, mara nyingi hauondoki. Kila agusapo saruji, hata kidogo, mikono huwasha, hupasuka na kutoa ukurutu. Kuna mafundi stadi ambao wameiacha kazi yao kwa sababu hiyo peke yake.

Mzio huu waweza kuzuiwa. Denmark ilianza mwaka wa 1981 kutia kwenye saruji chumvi ya chuma inayoifanya kromiamu hiyo isidhuru, na visa vya mzio miongoni mwa wajenzi vikapungua. Tangu Januari 2005 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku uuzaji wa saruji yenye zaidi ya sehemu mbili za kromiamu hiyo katika milioni. Lakini hata chumvi hiyo hupoteza nguvu mfuko ukikaa ghalani muda mrefu, na haipunguzi hata kidogo ule ukali unaochoma. Kwa hivyo kanuni ni ile ile popote ulipo: saruji mbichi isiguse ngozi.

Vumbi na hekaya ya maziwa

Vumbi huwa jingi mfuko unapopasuliwa juu ya mdomo wa mashine. Huwashawasha pua, koo na macho. Lakini vumbi baya zaidi ni lile la mchanga, ambalo lina silika. Chembe zake zilizo ndogo mno kuonekana hufika chini kabisa ya mapafu, zikakaa humo na kuacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi na hauna tiba ya kuyarudisha mapafu yalivyokuwa. Mwaka wa 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya aina hiyo katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Silika pia humrahisishia mtu kupata kifua kikuu. Katika nchi kama Kenya, ambako ugonjwa huo bado unasumbua wengi, hilo si jambo la kupuuzwa. Mtu wa mjengo mwenye kikohozi kinachozidi majuma mawili asikitibu kwa dawa za dukani, aende akapimwe.

Wako wanaoamini kwamba pakiti ya maziwa husafisha kifua jioni baada ya kazi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, nalo vumbi limo mapafuni. Njia hizo mbili hazikutani huko chini. Leso iliyofungwa puani pia haizuii chembe ndogo. Barakoa ya aina ya N95, ambayo wengi waliizoea wakati wa Covid-19, ndiyo inayosaidia ikiwa imebana vizuri usoni.

Kuna vumbi jingine lisilotajwa sana. Mashine ikiachwa bila kuoshwa, saruji hugandia ndani ya pipa lake, kisha kesho yake mtu huigonga kwa nyundo au kuikwangua kwa mashine ya kusagia. Hapo hujivutia vumbi la silika akiwa ameinamia shimo, huku kelele zikimwumiza masikio. Dawa yake ni rahisi: mashine ioshwe kila siku kabla saruji haijakauka.

Bomba lililoziba

Hatari mpya iliyoletwa na pampu ni shinikizo. Ndani ya pampu nyingi za plasta mna chuma kilichosokotwa kama parafujo, kinachozunguka ndani ya ala ya mpira na kuusukuma mchanganyiko mbele. Pampu ya namna hiyo ilibuniwa na Mfaransa René Moineau katika miaka ya 1930. Mwaka wa 1958 Mjerumani Karl Schlecht, ambaye baba yake alikuwa fundi wa plasta, alianzisha kampuni ya mashine za plasta ambayo baadaye ilijulikana kama Putzmeister.

Ili kupandisha mchanganyiko mzito ghorofani, shinikizo ndani ya bomba huweza kufika mara kumi ya lile la gurudumu la gari dogo, au hata zaidi. Kazi ikienda vizuri, hakuna anayelihisi. Tatizo huja bomba linapoziba. Huziba kwa sababu mchanga una mawe, mchanganyiko umekosa saruji ya kutosha, maji yamevujia kwenye maungio, au kazi imesimama juani muda mrefu.

Kosa la hatari ni mtu kufungua maungio kwa haraka ili azibue. Shinikizo lililofungiwa humo hutoka kwa kishindo, likamrushia mchanga na saruji usoni, nalo bomba hupigapiga kama nyoka aliyekanyagwa. Utaratibu ufaao ni huu: pampu izimwe, izungushwe kinyume ili shinikizo lishuke, geji itazamwe hadi isome sifuri, maungio yafunikwe kwa gunia au turubai, na anayefungua ageuze uso kando. Wengine wote wakae mbali.

Pipa linalozunguka

Mashine ya kukorogea nayo haina huruma. Mapanga yake hayajui tofauti ya mchanga na kidole. Wavu wa chuma ulio juu ya mdomo wa mashine uliwekwa ili mkono na beleshi visifike kwenye mapanga. Ukiona mashine ambayo wavu wake umeng'olewa ili saruji iingie haraka, jua kuna mtu atakayelipia haraka hiyo. Nguo zinazoning'inia, mitandio na mikono mirefu isiyofungwa vifungo hunaswa kwa sekunde. Na kabla mtu hajatia mkono kuiosha, mashine izimwe na stima ikatwe kabisa kwenye swichi kuu.

Ufanye nini?

Iwe wewe ni mwenye nyumba, kontrakta, fundi au kibarua, haya yamo ndani ya uwezo wako:

1. Maji kwanza. Weka pipa la maji safi na sabuni karibu na mashine, yasiyotumika kwa ujenzi. Kabla ya kazi kuanza, kila mtu ajue yaliko.

2. Glavu ndefu za mpira, si za kitambaa. Kitambaa kikiloa hushikilia saruji juu ya ngozi. Glavu iliyoingiwa na saruji ivuliwe na kuoshwa mara moja.

3. Buti za mpira, suruali ikiwa juu ya buti ili mchanganyiko usitumbukie ndani. Anayepiga magoti avae kinga isiyopenya maji.

4. Miwani ya kukinga macho kwa anayeshika bomba na anayetia saruji mashineni.

5. Maji yatangulie mashineni kabla ya saruji. Mfuko upasuliwe chini karibu na mdomo wa mashine, umwagwe polepole, upepo ukikutoka mgongoni.

6. Nguo zikiloa saruji, zivuliwe papo hapo na mahali hapo paoshwe kwa maji mengi kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Nyumbani, nguo hizo zisifuliwe pamoja na za watoto.

7. Watoto wasikaribie. Ngozi yao ni laini kuliko ya mtu mzima, na rundo la mchanga huwavutia.

Usidhani kwamba vifaa hivi ni hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri awape wafanyakazi mavazi ya kujikinga yanayofaa. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, humtaka awe na bima kwa ajili ya wanaoumia. Ikiwa umempa kontrakta kazi ya kukujengea, muulize kuhusu mambo hayo mawili kabla hujatia sahihi, kama unavyomuuliza bei ya mawe na mabati.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kesho ukipita kwenye ploti yako, kabla hujauliza ukuta umefika wapi, tazama kama lile pipa la maji safi lipo na sabuni iko kando yake. Kama halipo, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya siku.