Kukosekana kwa Ripoti za Uelekezaji Mawimbi katika Unasaji wa Pakiti za Wi-Fi

Katika kiwango cha 802.11ac, ruta hutuma fremu ya tangazo, kisha fremu ya kupimia. Kifaa pokezi hujibu kwa ripoti iliyobanwa yenye pembe zinazoielezea njia ya mawimbi. Ripoti hiyo isipoonekana katika faili la unasaji, haithibitiki kwamba haikutumwa. Fremu ya kupimia haina data, na ripoti yenyewe haijibiwi kwa fremu ya uthibitisho. Hivyo hakuna alama nyingine inayoifichua.

Uchunguzi huanzia kwenye tangazo. Likikosekana, hukaguliwa chaneli. Likionekana peke yake, kinasio husogezwa karibu na kifaa kinachojibu, na uwezo wake huhakikiwa: tangazo laweza kusomeka kwa megahezi 20 ilhali ripoti imetumwa kwa megahezi 80.

Ripoti iliyonaswa huhakikiwa kwa urefu. Kwa antena 2 na mkondo 1 katika megahezi 20, bila kupanga makundi, pembe mbili za biti 6 na 4 kwa kila moja ya mawimbi bebaji 52 hutoa biti 520, yaani baiti 65 za pembe.

Hatua hizi zikirukwa, udhaifu wa kinasio huripotiwa kuwa tabia ya mtandao.