Kobalti Iliyobaki Kasese

Ndugu askari, aliyepata kusimama zamu juu ya kilima cha Wanyange ameuona mji wa Jinja na maji ya ziwa chini yake. Mjini humo, kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, ndimo ilimoyeyushwa shaba ya Uganda. Ilitoka Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, ikaletwa na gari la moshi. Hayo wengi wetu twayajua. Yasiyojulikana sana ni yale ambayo hayakupakiwa katika mabehewa.

Mawe ya Kilembe yalichanganyika shaba, chuma, kiberiti na kobalti. Shaba ilipokwisha kuchambuliwa, mchanga wa chuma na kiberiti ulilundikwa Kasese, tangu mwaka 1956 hata uchimbaji uliposimama mwaka 1982. Lundo likafikia tani zipatazo milioni moja. Katika kila tani mlikuwa na karibu kilo 14 za kobalti, madini yatiwayo katika injini za ndege za jeti na katika betri. Mali hiyo ikaachwa mvuani. Maji yaliyopita humo yaligeuka asidi, yakateremkia Mbuga ya Taifa ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George, na yalikopita nyasi zikafa, ardhi ikabaki tupu. Adui wa namna hiyo hapigwi risasi.

Waliomshinda ni vijidudu. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kuutia mchanga huo pamoja na maji katika matangi makubwa, ukapulizwa hewa katika joto la nyuzi 40 hivi. Bakteria ambao riziki yao ni chuma na kiberiti wakautafuna siku kadhaa, mpaka kobalti ikayeyuka majini. Asidi ilitulizwa kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, chuma kikatengwa, na mwishowe umeme ukaigandisha kobalti juu ya mabamba. Tulipoyasikia hayo mara ya kwanza, tulidhani twafanyiwa mzaha.

Lundo lilikwisha katika miaka ya 2010, mitambo ikanyamaza. Lakini Kilembe kwenyewe, kandokando ya mto Nyamwamba, yapo mabaki mengine ya mgodi, na mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliyamega na kuyachukua. Askari atakayeitwa kuokoa watu huko na ajue kwamba matope anayoyakanyaga yana shaba na kobalti ndani yake, na maji yake asiyanywe.