Stima Ikipotea Mteja Akilipa: Jinsi ya Kuchagua UPS

Uko saiba yako Kinango, mteja analipia huduma ya eCitizen, mara stima inapotea. UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine vizuri.

Ukinunua, usiangalie VA pekee, angalia wati. Jumlisha wati za kompyuta, skrini na ruta, kisha uache nafasi. Printa ya leza usiichomeke kwenye betri hiyo. Inavuta stima nyingi. Ichomeke kwenye ekstensheni yenye kinga, maana stima ikirudi kwa nguvu huunguza vifaa. Ekstensheni ya kawaida haizuii.

Na yale malipo? Usirudie kulipa kabla ya kuangalia SMS na salio kwenye simu.