Usaha wa njano: Panga chafu linavyomaliza kibanja

KATIKA kata ya Mugoma wilayani Ngara, kama ilivyo sehemu kubwa ya Mkoa wa Kagera, mgomba ni chakula, pombe na fedha ya matumizi ya nyumbani. Kwa sababu hiyo mkulima hana budi kuifahamu rangi moja vizuri: njano.

Rangi hiyo ni ya bakteria aitwaye Xanthomonas, jina lenye asili ya neno la Kigiriki linalomaanisha njano. Akioteshwa maabara hutoa vidoa vya njano vinavyoteleza kama kamasi. Rangi humkinga na madhara ya mwanga. Ute wake nao huziba mirija ya maji ya mgomba, hivyo mgomba hunyauka hata kama udongo una unyevu.

Ugonjwa huo, ambao Kagera hujulikana kama unyanjano, ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968 katika ensete, mmea wa jamii ya mgomba. Uligunduliwa Uganda mwaka 2001, Rwanda 2005 na Kagera 2006. Burundi ulithibitishwa mwaka 2010. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi.

Dalili zake ni majani kuwa ya njano na kulegea, ua dume kunyauka, na ndizi kuiva kabla ya wakati huku ndani zikiwa na rangi ya kahawia. Ukikata shina, baada ya dakika chache hutoka usaha wa njano. Mnyauko wa Panama, unaosababishwa na kuvu, hautoi usaha huo.

Hakuna dawa ya kuponya mgomba ulioambukizwa. Bakteria husambazwa na wadudu wanaotembelea ua dume, machipukizi yenye ugonjwa na, zaidi ya yote, panga linalotoka mgomba mmoja kwenda mwingine bila kusafishwa.

Awali wakulima walishauriwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake. Kazi hiyo ni nzito, na humwacha mkulima bila mkungu kwa zaidi ya mwaka. Wengi waliiogopa, ugonjwa ukaendelea. Baadaye utafiti ulionyesha kuwa bakteria hawafiki katika kila chipukizi la shina moja. Hivyo inatosha kukata mgomba unaoonyesha dalili, usawa wa ardhi, na kurudia ukaguzi kila wiki.

Aidha, ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapojitokeza. Panga lipitishwe kwenye moto kila baada ya mgomba mmoja.

Kihesabu, moto wa jikoni haumgharimu mkulima chochote, wakati panga la kuazima laweza kumgharimu kibanja kizima. Hata hivyo, faida hiyo hupotea iwapo jirani hafanyi hivyo, kwa kuwa wadudu hawajui mipaka ya mashamba. Kijiji kikikubaliana siku moja ya ukaguzi kwa wiki, kila kaya italinda na mkungu wa mwenzake.